Kanga Juu ya Mbuzi

Bi Tumu alikuja Ganjoni na mifuko miwili.
Katika mmoja, kanga: ngozi na manyoya tu,
kavu kama ganda la kitunguu, kafungwa katika gazeti
ambalo bei yake ya sukari yachekesha.
Katika wa pili, mbuzi.

Si wa kulia mee. Mbuzi ya kukunia nazi,
ulimi wa chuma umelika meno,
kibao cha mvule kimeingia bonde pale alipokalia
miaka arubaini na kitu.
"Msimamishe hapa."

Mimi nina vitako vya kuuza. Vya mkoko, vya mvule,
matumbawe niliyoyasugua yakawa bapa.
Nilimwonyesha vyote. Hakugeuza hata shingo.

Basi. Siku tatu ngozi ndani ya kitambaa kibichi, ilainike.
Marehemu Agnelo, aliyenifunza kazi hii,
alikuwa akisema ndege hufa mara tatu:
kwa risasi, kwa joto la Mombasa,
na kwa fundi asiyejua magoti.
Lile uonalo si goti, ni kifundo.
Goti lenyewe limo manyoyani,
kama deni la mtu mwenye heshima.

Kiwiliwili nikakifinyanga kwa sufi, nikakizungushia uzi.
Waya ukaingia unyayoni, ukapanda nyuma ya mfupa,
nikaukunja ndani, ukashika.
Chini nikaacha ncha mbili.
Kisha keekee, matundu mawili, katikati ya lile bonde.
Mvule ukatoa unga wa rangi ya asali
na harufu, naapa, ya tui.

Kanga ni mzito wa kifua.
Ukimsimamisha wima kama askari, ataanguka kifudifudi.
Mguu sharti uwe chini ya moyo
hata kama moyo haupo.

Buluu ya shingo ilikuwa imekwenda zake; nikaipaka upya.
Macho ya kioo. Vidole nikavibana kwa pini,
na kile cha nyuma kikakataa kulala, mpaka leo kimekataa.
Wiki tano za kumkausha, katika hewa hii ya kukamua.
Sisimizi walikuja kumsalimu.
Stima ilipokatika, feni ikafa,
nikampepea kwa kipepeo cha ukindu,
mtu mzima mimi, nampepea maiti wa ndege.

Bi Tumu alikuwa akipita Alhamisi, kutazama.
Akasimulia bila kuulizwa.
Mselem kila Jumamosi alirudi kutoka Mariakani
na kwale, na kanga, miguu imefungwa pamoja.
"Nikanyonyoa. Nikapasua. Nikakuna nazi, nikapika.
Wageni wakala, wakaisifu bunduki.
Huyu mmoja akasema asipikwe, huyu ni wa kutazamwa.
Akamtia sandukuni.
Hakumtazama tena."

Nikamwambia desturi ni kibati cha shaba mbele:
tarehe, mahali, jina la mpigaji.
Akacheka hadi akashika meza.
"Kanga ya nguo ndiyo isemayo, mwanangu.
Nina doti sitini nyumbani, zimenisemea vya kutosha.
Huyu mwache anyamaze."

Siku ya kumchukua nilikuwa nimekwisha kuzipitisha waya,
nimezilaza mferejini chini ya kibao, nimeziba kwa nta.
Kanga yuko imara, mguu mmoja mbele,
nyuma yake ule ulimi wa chuma umetoka,
mtu asiyejua angedhani ni mkia wa pili.

Bi Tumu akavuta kigoda, akaketi, akainua uso.
Nadhani hakuwahi kukitazama kiti kile kutoka chini.
"Mbona yuwatazama mlangoni?"
"Ndivyo ulivyoagiza."
"Hapana. Mlangoni alitazama mwenzake. Huyu anitazame mimi."

Nikamweleza: waya zimekunjwa, nta imeshika,
ukimgeuza sasa atang'oka nyayo.
Akafikiri kidogo.
Kisha akashika upande mmoja, nami nikashika mwingine,
tukageuza mbuzi.